Mianga miwili upande wa barabara ya Likasi: kuzitambua sayari ukiwa lupangoni kwako

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi huu wote wa tano, kila mangaribi tunaona mianga miwili mikubwa upande wa barabara ya Likasi. Mmoja ni mkali sana. Mwanzoni ilikuwa mbali, sasa inakaribiana. Jirani mmoja anasema ni videge vya kupeleleza, mwingine anasema ni nyota zitakazogongana. Kijana wangu wa miaka 11 anashikilia kwamba ni sayari, ila hajui kuthibitisha. Hatuna darubini. Tutazijuaje sayari, na tutazitengaje na nyota? Pia anauliza kama babu yake aliye Kalemie anaona hizohizo.

Jibu: Kijana wako amesema kweli, Mama. Na wewe mwenyewe umeshafanya nusu ya kazi, kwa kuwa umetambua kwamba mianga ile inasogeleana. Nyota hazifanyi hivyo. Nyota unazoziona leo zimepangana vilevile kama zilivyokuwa zimepangana ulipokuwa msichana. Chochote kinachobadilisha mahali pake katikati ya nyota, siku hadi siku, ni mwezi au ni sayari. Hata jina linasema hivyo: sayari ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni kitu kinachokwenda.

Mwanga wa chini, ule mkali, ni Zuhura. Shuleni kijana anauandika Vénus, na wale waliosoma kwa masista watakumbuka kuuita nyota ya mchungaji. Ule wa juu yake ni Mshtarii, yaani Jupiter ya vitabu vya Kifaransa. Leo tarehe 30 Mei 2026, ukinyoosha mkono mbele na kukunja ngumi, ngumi hiyo inajaza nafasi iliyo kati yao. Nafasi inapungua kila jioni kwa karibu upana wa kidole cha mwisho. Jumanne tarehe 9 Juni ndiyo siku zitakapokuwa karibu kabisa, zikiachana kwa upana wa miezi mipevu mitatu tu iliyopangwa kwa mstari. Baada ya hapo Zuhura itabaki juu, na Mshtarii itakuwa chini yake, ikizidi kushuka.

Kugongana, hapana. Mwambie jirani alale salama. Jioni hiyo Zuhura itakuwa kilomita milioni 175 hivi kutoka kwetu, na Mshtarii kilomita milioni 900. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni kwako na bomba la moshi la kiwanda cha Gécamines nyuma yake: kutoka ulipo unaona kama vimegusana, lakini kati yao kuna mitaa mizima. Mwanga wa Zuhura utakaoingia machoni mwenu utakuwa umesafiri dakika 10, na ule wa Mshtarii dakika 50.

Kuhusu videge vya kupeleleza, ninamwelewa jirani. Zuhura ni kali kiasi kwamba watu wazima wenye akili timamu huiogopa. Nilipokuwa mwalimu kijana wa fizikia, mlinzi wa usiku wa shule yetu alinishika mkono akanionyesha magharibi: ndege, akasema, inakuja kutua kwenye uwanja wa ndege wa Luano na haitui, siku ya tatu sasa. Tulichomeka fimbo mbili ardhini, moja ndefu na moja fupi, tukazilenga kama mtu anayelenga bunduki hadi ncha zake zikakaa mstari mmoja na ule mwanga. Tukangoja robo saa. Mwanga ulikuwa umeteremka kuelekea magharibi upana wa vidole karibu vinne, polepole, pamoja na nyota zote zilizouzunguka. Hakuna ndege inayoshuka pamoja na nyota. Kesho yake nilimkuta anasubiri kwenye fimbo zake, na mwanga ukarudi palepale, saa ileile. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa bweni.

Fimbo zile zinathibitisha kwamba si ndege. Hazitoshi kuthibitisha kwamba ni sayari, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Mwambie kijana achague sehemu moja ya kukaa, labda shina la mwembe au kizingiti cha jikoni, na saa moja isiyobadilika, tuseme saa moja kamili usiku. Achore kwenye daftari ukuta wa lupango, paa la jirani, waya za umeme, kisha aweke nukta mahali ilipo Zuhura na mahali ilipo Mshtarii. Afanye hivyo jioni kumi. Atakachokiona kitamshangaza: juu ya ukuta, Zuhura karibu haitembei. Inakaa palepale kila jioni. Ni Mshtarii inayoteremka kuifuata. Akiishia hapo ataandika kwamba Mshtarii ndiyo inayokimbia, na atakuwa amekosea kabisa.

Sababu ni kwamba ukuta wenyewe si shahidi mwaminifu. Dunia inalizunguka jua, na kwa ajili hiyo nyota zote huwahi kuzama kwa dakika 4 kila siku. Ukiangalia saa ileile kila jioni, mbingu nzima ya magharibi huonekana kushuka upana wa kidole cha mwisho kwa siku. Ndiyo maana wazee walihesabu majira kwa nyota, na Waswahili wakasema kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Basi kama nyota zote zinashuka na Zuhura haishuki, maana yake Zuhura inapanda kinyume cha nyota, kwa karibu kasi ileile ambayo nyota zinashuka. Ni mtu anayepanda ngazi zinazoteremka. Mshtarii nayo inapanda, lakini kidogo sana, hivyo inachukuliwa na mteremko.

Kwa hiyo shahidi wa kweli ni nyota za jirani. Kulia kwa Mshtarii, upande wa kaskazini, kuna nyota mbili zinazolingana kwa ukali, ziko karibukaribu kama macho ya paka. Zinaitwa Castor na Pollux. Achore hizo pia. Baada ya siku kumi ataona kwamba Mshtarii imesogea kidogo tu ukilinganisha nazo, wakati Zuhura imepiga hatua ya ngumi nzima na zaidi. Mchoro huo ukikamilika, kijana amethibitisha, na hakuna mwalimu atakayempinga.

Sasa nije kwenye njia ya haraka, ya kutambua katika usiku mmoja. Sayari hutoa mwanga uliotulia, nyota humetameta. Nyota iko mbali mno hivi kwamba hata kwenye darubini kubwa hubaki nukta, na hewa ikitikisika, nukta hiyo hutikisika nzima. Sayari ni kiduara kidogo: sehemu moja ikitikiswa nyingine inabaki, na jicho linaona utulivu. Mnaweza kulijaribu leo hii. Mkitazama Zuhura, geuzeni shingo kushoto na juu kidogo, mtaona mwanga mweupe mkali unaochezacheza, wakati mwingine ukirusha chembe za bluu na nyekundu. Huo ni Sirius, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Hata Mshtarii inaizidi kwa ukali. Pelekeni macho kati ya Sirius na Mshtarii mara tatu nne, na hamtahitaji maelezo yangu tena.

Lakini kanuni hii ina mpaka wake hapa kwetu. Mwanga ukikaribia upeo wa macho, hewa unayoutazamia ni nene, na sisi tunaongeza moshi wa makaa wa jioni, na kuanzia mwezi wa saba moto wa porini. Sayari ikiwa chini sana hapo nayo hucheza na kuwa nyekundu kama kaa. Usiihukumu sayari iliyo chini ya ngumi moja kutoka kwenye upeo.

Kuna alama nyingine ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ukishaijua utaweza kutafuta sayari mwaka wowote bila kuuliza mtu. Sayari zote hutembea kwenye barabara moja, ileile ya jua na mwezi. Zote zinalizunguka jua karibu katika uwanda mmoja, kama chembe za mchele kwenye ungo, na sisi tuko ndani ya ungo huo, kwa hiyo tunaziona zimejipanga kwenye mstari unaokata mbingu kutoka mashariki hadi magharibi. Lubumbashi iko digrii 11 na dakika 40 kusini ya ikweta, hivyo barabara hiyo inapita karibu na utosi wetu. Jua lenyewe linasimama utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Februari na kuelekea mwisho wa Oktoba. Wenzetu wa Ulaya wengi huziona sayari zimelala chini juu ya mapaa. Kwetu hupanda hadi unainua shingo.

Matokeo yake ni sheria rahisi. Mwanga ulio kusini, karibu na Msalaba wa Kusini ambao majira haya unasimama vizuri saa mbili usiku, hauwezi kuwa sayari hata ung'ae vipi. Canopus, nyota ya pili kwa ukali, inawadanganya watu wengi upande huo wa kusini-magharibi. Sasa, usiku ambapo mwezi unaonekana, fuata mstari kutoka jua lilipozama kupita kwenye mwezi. Sayari yoyote iliyopo itakuwa kwenye mstari huo au pembeni yake kidogo.

Msitafute giza. Watu huniambia, tungekuwa shambani tungeona, mjini kuna taa. Kwa Njia ya Maziwa, ndiyo. Kwa sayari, hapana. Zuhura, Mshtarii na Zohali huonekana hata ukiwa chini ya taa za barabarani katikati ya mji. Umeme ukikatika mtaa mzima, mtaongeza nyota, na watoto watazifurahia, lakini sayari zilikuwepo kabla ya umeme kukatika. Mnachohitaji ni upeo ulio wazi, na Lubumbashi, kwa kuwa imekaa juu ya uwanda, ina bahati hiyo kuliko Bukavu yenye vilima kila upande. Na mnahitaji majira haya tuliyo nayo: kuanzia Mei hadi Septemba mvua haipo, mawingu ni machache, na mtu anaweza kupanga kutazama siku kumi mfululizo asikose hata moja. Wavike watoto makoti. Baridi ya Juni na Julai haina huruma.

Sayari nyingine mbili ziko alfajiri. Amkeni saa kumi na moja asubuhi, kabla mashariki haijapauka. Ile nyota ya manjano hafifu, tulivu, iliyopanda juu kiasi upande wa mashariki, ni Zohali, Saturne ya shuleni. Chini yake, karibu na upeo, kuna kinukta chekundu kisicho na ukali mwingi: Mirihi, yaani Mars. Msivunjike moyo kwa udogo wake. Mirihi ikiwa ng'ambo ya jua hufifia, na ikitukaribia huwaka. Mwaka huu inaanza safari ya kutukaribia, na itafika kilele tarehe 19 Februari 2027. Katikati ya mvua, najua, lakini mawingu hufunguka.

Hapa kuna mtego mmoja. Jioni, saa mbili usiku, mkigeukia mashariki mtaona nyota nyekundu nzuri. Watu huapa kwamba ni Mirihi. Ni Antares, moyo wa kundi la nyota liitwalo Nge, na jina lake kwa Kigiriki maana yake ni mpinzani wa Mirihi. Basi kosa hilo lina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Itazame: inameta.

Utaridi, au Mercure, ni ngumu kwa sababu haiachani na jua. Lakini kati ya tarehe 10 na 20 Juni itakuwa chini ya Zuhura na Mshtarii, kwenye mstari uleule unaoelekea jua lilipozama. Saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo saa yake. Kuna watu waliosoma elimu ya nyota maisha yao yote na wameiona mara chache; ninyi mna nafasi ya kuiona mkiwa mnapakua bukari. Na tarehe 17 Juni mwezi mwandamo, kama ukucha, utakuwa ubavuni mwa Zuhura. Hata jirani wa videge mwiteni jioni hiyo.

Umesema hamna darubini. Sioni kuwa ni upungufu kwa sasa, na ninakusihi usikimbilie kununua. Masokoni kuna visanduku vilivyoandikwa kwamba vinakuza mara 500. Niliwahi kununua kimoja kwa mshahara wa mwezi mzima. Miguu yake ilitetemeka kwa kila pumzi na sikuweza kuishika hata Mshtarii. Darubini yenye kioo cha milimita 60 haiwezi kukuza vizuri zaidi ya mara 120 hivi, chochote kinachoandikwa kwenye sanduku. Ukipata fedha siku moja, tafuta darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Egemeza viwiko ukutani, na pembeni mwa Mshtarii utaona vinukta hadi vinne kwenye mstari. Ni miezi yake minne mikubwa, ambayo mwanasayansi Galileo aliiona akiwa Padova, Italia, mwezi wa Januari 1610, na kwa hiyo akapata ushahidi kwamba si kila kitu kinaizunguka dunia. Septemba na Oktoba, kifaa hichohicho kitawaonyesha Zuhura ikiwa na umbo la hilali. Pete za Zohali zinahitaji darubini halisi, nazo kwa sasa bado ni nyembamba, kwani mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo.

Jambo moja sitalipunguza makali: kifaa chochote cha kukuzia kisielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote. Jua kupitia vioo hivyo huunguza jicho kwa kufumba na kufumbua, na jicho halisikii maumivu linapoungua. Kifaa kikae mkononi mwako wewe, si mwa mtoto, hadi jua lizame.

Kama kuna simu yenye nafasi, programu ya Stellarium inapatikana bila malipo, na ukishaiambia kwamba uko Lubumbashi itakuchorea anga ya usiku wowote. Simameni mbali na geti la chuma na mabati, maana dira ya simu hupotoshwa na chuma na itakuonyesha Mshtarii mahali pasipo na kitu. Mimi naipenda kwa kuhakiki, si kwa kutafuta. Mtoto achore kwanza, kisha aulize simu.

Kijana akiuliza kama kuna sayari isiyoonekana, mweleze habari ya Uranusi, kwani inatuhusu sisi wa Katanga. Iko kwenye ukingo kabisa wa uwezo wa jicho, na hakuna aliyejua kuwa ni sayari hadi William Herschel alipoitambua kwa darubini yake huko Bath, Uingereza, tarehe 13 Machi 1781. Miaka 8 baadaye, mkemia Klaproth wa Berlin alipata madini mapya akayapa jina kutokana na sayari hiyo: urani. Ndiyo urani ileile iliyochimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwisho wa mwaka huu Uranusi itakuwa eneo la Kilimia, na wenye darubini ya macho mawili wataweza kuisaka.

Baada ya Juni, mambo yatakwenda hivi. Mshtarii itazama kwenye mwanga wa jua mwezi wa Julai, na mwisho wa Agosti itaanza kurudi alfajiri. Zuhura itabaki jioni. Katikati ya Agosti itafika mbali kabisa na jua, na itakaa angani karibu saa tatu nzima baada ya jua kuzama. Kisha itaanguka haraka, na tarehe 24 Oktoba itapita kati yetu na jua. Mkiiona tena itakuwa nyota ya asubuhi, na wapo watakaosema ni nyingine. Zohali itachukua zamu ya usiku: mwanzoni mwa Oktoba itachomoza jua likizama na kutembea hadi kuche.

Na babu wa Kalemie? Anaona hizohizo. Kalemie iko mashariki yetu kidogo, jambo linalowahisha kuzama kwa sayari, lakini pia iko karibu zaidi na ikweta, jambo ambalo mwezi wa Juni linachelewesha. Haya mawili karibu yanafutana, kwa hiyo Zuhura itazama kwake dakika chache tu baada ya kuzama kwenu. Jioni atazitazama upande wa bara, na Zohali ya alfajiri itamchomozea juu ya ziwa Tanganyika. Saa zenu ni moja. Tarehe 9 Juni, saa moja kamili usiku, kijana ampigie simu, kila mmoja anyooshe mkono aelekee magharibi na kaskazini kidogo, apange ngumi mbili kutoka kwenye upeo wa macho, na amwambie mwenzake ni ipi kati ya zile mbili iliyo kulia.